Kijana akitaka gitaa: Mzazi asikatae kabla ya kusikiliza

Ukiishi kwenye delta ya Rufiji, sauti haifichiki. Usiku maji yakitulia, spika ikifunguliwa upande huu wa mto, ng'ambo wanasikia mpaka maneno ya wimbo. Kwa hiyo mzazi wa Mbwera hana haja ya kuambiwa na jirani kwamba mwanawe ameanza kushinda na vijana wa bendi. Anamsikia mwenyewe akiwa kitandani, anarudia sehemu ileile ya gitaa mara ya kumi, na kesho kuna shule.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Akatazwe? Gitaa lifichwe? Au aachwe, kwa kuwa ujana ni moshi na ukienda haurudi?

Mbwera iko wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, ndani kabisa ya delta, mahali ambapo safari ya kwenda mjini huanza kwa boti na kungoja maji yajae. Watu wanalima mpunga, wanavua samaki na kambamiti, wanaangua nazi na kuishi na mikoko, ambayo katika delta hiyo ni mingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika Mashariki. Mzazi wa huko akimtazama mwanawe, anaona mambo mawili: asome mpaka atoke, au ajifunze kazi za nyumbani ili asilale njaa. Gitaa halimo kwenye hesabu hiyo.

Lakini gitaa likishaingia nyumbani, kulipuuza hakusaidii. Na mzazi wa Mbwera si wa kwanza duniani kukutana na jambo hili.

Muziki wa baa, kwao na kwetu

Wapo wazazi wengi wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokua wakisikiliza redioni nyimbo za Jim Reeves, Dolly Parton au Kenny Rogers. Hawakuelewa kila neno, lakini walielewa kwamba mwimbaji ana huzuni. Huo ni muziki wa kantri wa Marekani, muziki wa watu wa mashambani.

Ndani ya kantri kuna tawi linaloitwa honky tonk. Jina hilo lilikuwa la vilabu vya pombe vya hali ya chini, hasa huko Texas na Oklahoma, ambako wafanyakazi wa mafuta na mashamba walikwenda kunywa na kucheza. Mwaka 1933 Marekani ilipoondoa marufuku ya pombe, vilabu hivyo viliongezeka. Palikuwa na kelele za glasi, ugomvi na miguu ya wachezaji, kwa hiyo wanamuziki walilazimika kutumia gitaa la umeme na kupiga kwa mdundo mzito ili wasikike. Nyimbo zenyewe zilihusu mambo ya humohumo: mke aliyeondoka, mshahara ulioisha, mtu anayeapa kuacha pombe huku ameshika glasi.

Aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa muziki wa dansi Dar es Salaam, Morogoro au Tabora ataona udugu hapo. Dansi nayo ilikulia kwenye baa na kumbi za starehe, na nyimbo zake zimejaa habari za nyumbani: ndugu wanaogombana, mume asiyetunza watoto, rafiki aliyegeuka nyoka.

Kenya hawakuishia kusikiliza tu. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu kiumbe cha ajabu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini kwao. Leo Nairobi ina wanamuziki wanaopiga kantri kama kazi. Anayejulikana zaidi ni Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, na yuko pia Esther Konkara. Wanapanda jukwaani na kofia za wachunga ng'ombe, na ukumbi unaimba nao.

Maana yake ni kwamba kijana wa delta anayeokota mtindo wa mbali kupitia simu na kuujaribu kwenye gitaa la kuazima hajapotea. Anafanya kile ambacho vijana wamekuwa wakifanya tangu enzi za santuri. Kinachotakiwa kuulizwa ni anakwenda nao wapi huo muziki, saa ngapi, na akiwa na nani.

Mama aliyebeba vyombo kwenye gari

Mwimbaji mkubwa kuliko wote wa honky tonk ni Hank Williams, aliyezaliwa Alabama mwaka 1923. Wazazi wanaweza kujifunza mengi katika maisha yake, mema na mabaya.

Baba yake alilazwa hospitali ya wanajeshi wastaafu kwa miaka mingi, hivyo malezi yalibaki mikononi mwa mama, Lillie. Alikuwa mwanamke wa kazi, akiendesha nyumba ya kupangisha wageni. Hank alizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo iliyomfanya asiweze kazi nzito kama wenzake. Muziki ukawa kimbilio lake. Aliyemfundisha gitaa alikuwa Rufus Payne, mwanamuziki mweusi wa mitaani, katika zama ambazo ubaguzi wa rangi ulitenganisha watu mpaka kwenye mabomba ya maji. Inasimuliwa kwamba malipo ya mafunzo wakati mwingine yalikuwa sahani ya chakula kutoka kwa Lillie.

Hank alipounda bendi yake akiwa kijana mdogo, mama hakukaa nyumbani akilia. Aliwapeleka vijana kwenye maonyesho kwa gari, akasimama mlangoni kukusanya viingilio, akahakikisha wamelipwa. Wengi wanakubali kwamba bila yeye bendi ile isingefika popote.

Lakini kuna upande wa pili. Vilabu alivyopiga vilikuwa vilabu vya pombe, na Hank alianza kunywa akiwa bado mtoto. Maumivu ya mgongo yaliongeza tatizo, kwani baadaye alitumia na dawa kali. Mwaka 1952 alifukuzwa kwenye Grand Ole Opry, kipindi kikubwa cha redio cha muziki wa kantri, kwa sababu ya ulevi na kutofika kazini. Tarehe 1 Januari 1953 alikutwa amefariki kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, akiwa safarini kwenda kwenye onyesho. Alikuwa na miaka 29. Mwanawe wa kiume alikuwa na miaka mitatu.

Lillie alifanya mengi ambayo mzazi yeyote angejivunia. Alimpa mwanawe nafasi, alimlinda asidhulumiwe fedha, alikuwa naye njiani. Pombe ndiyo iliyomshinda. Mzazi wa Mbwera akiitazama habari hiyo, ataona kwamba kuunga mkono kipaji ni jambo moja, na kumweka mtoto mbali na chupa ni jambo jingine. Ukilifanya la kwanza ukaliacha la pili, umefanya nusu ya kazi.

Funzo la Mzee Gurumo

Karibu zaidi na nyumbani yuko Muhidin Maalim Gurumo. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, wilaya ya Kisarawe, mkoa uleule wa Pwani. Alipoanza muziki mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipita kwenye bendi za Dar es Salaam zilizobeba majina ya watu wa kusini mwa pwani: Rufiji Jazz, kisha Kilwa Jazz. Yaani jina la mto ambao Mbwera imekaa kwenye midomo yake lilikuwa tayari linachezwa kwenye kumbi za jiji zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Mwaka 1964 Gurumo alijiunga na NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, Sikinde, ambayo baadaye ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule, na baadaye akarudi Msondo, alikokaa mpaka mwisho.

Siku zile bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika na taasisi za umma. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani au dereva. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mshahara ulikuja mwisho wa mwezi, nyimbo zikarekodiwa Radio Tanzania na kupigwa nchi nzima. Ajira ile iliwapa heshima na nidhamu: mazoezi yana saa yake, mchelewaji anakatwa. Lakini nyimbo zilipoendelea kupigwa miaka na miaka, aliyezitunga hakuona kitu cha maana.

Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani, alieleza kwamba muziki haukumwachia hata baiskeli. Maneno hayo yaliwagusa wengi, na Diamond Platnumz alimzawadia gari. Mzee alifariki Aprili 2014, chini ya mwaka mmoja baadaye, akazikwa kwao Masaki.

Wazazi wengi husikia habari hiyo na kusema, "Unaona? Muziki hauna maana." Lakini ikitazamwa vizuri, inasema kitu kingine. Sauti ya Gurumo haikuwa na kasoro, wala bidii yake. Kilichokosekana ni karatasi: nani anamiliki wimbo, nani analipwa ukipigwa, akiba inakwenda wapi. Hayo ni mambo ambayo mzazi, hata asiyejua kushika gitaa, anaweza kumfundisha mtoto mapema.

Leo kuna Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ambako mtunzi anaweza kusajili kazi yake chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo linalosajili wasanii na vikundi. Kijana wa miaka 16 haoni umuhimu wa fomu. Mzazi aone kwa niaba yake. Angalau anunue daftari, kila wimbo mpya uandikwe humo na tarehe, na majina ya wote walioutunga. Ugomvi mwingi wa bendi huanzia pale wimbo unapopendwa na kila mtu akadai ni wake.

Sheria inasema nini

Hapa wazazi wengi hawajui walichonacho mkononi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Na katika orodha ya kazi zenye madhara kwa mtoto, imetaja kazi katika baa, hoteli na sehemu za starehe.

Kwa hiyo mwenye bendi akija nyumbani kumwomba kijana wa miaka 15 akapige besi baa usiku wa Jumamosi, mzazi ana jibu lisilohitaji ugomvi: sheria hairuhusu. Asionekane mkorofi wala mshamba. Na kijana akilalamika kwamba baba anamwonea, aelezwe kwamba hili halikutungwa na baba.

Lakini "hapana" ya baa isigeuke kuwa "hapana" ya muziki wote. Zipo nafasi za mchana ambazo hazina tatizo: mahafali ya shule, sherehe za kijiji, harusi ya ndugu, mashindano ya shule za sekondari. Huko kijana anajifunza kupiga mbele ya watu, anajua kuona haya na kuishinda, na saa 12 jioni yuko nyumbani.

Wasiwasi wa dini na heshima

Delta ina Waislamu wengi, na si familia zote zinazolitazama gitaa kwa jicho moja. Wapo wanaokubali dufu na kaswida lakini wakakataa vyombo vya nyuzi. Wapo wasioona ubaya wa chombo, ila wanachukia mahali kinapopigwa. Kila nyumba ina msimamo wake na inastahili kuheshimiwa.

Kinachosaidia ni kuusema msimamo huo wazi. Mtoto akiambiwa "hatutaki uhuni", haelewi anakatazwa nini. Akiambiwa "hatutaki ukae kwenye pombe, hatutaki ukose swala, hatutaki ulale nje", anajua mipaka iko wapi. Mara nyingi, wazazi wakikaa na kuorodhesha wanachokiogopa, gitaa lenyewe halimo kwenye orodha. Wanaogopa pombe, bangi, mimba za mapema na kuacha shule. Mambo hayo humpata hata kijana asiyejua wimbo mmoja.

Na mtoto aliyelelewa madrasa ana mtaji. Aliyesoma kaswida anajua kuvuta pumzi, kukaa kwenye mapigo, kupokezana na wenzake na kusikiliza kiongozi. Ndivyo bendi inavyofanya kazi.

Gitaa ndani ya delta

Kupiga kwenye bendi kunatisha kwa mbali. Kwa karibu ni kazi ya kugawana. Katika dansi gitaa la solo linazungumza, la ridhimu linashika mwendo, besi inabeba wote, tumba na drams zinaamua miguu. Honky tonk ina mpangilio huohuo, isipokuwa huongeza fidla na lile gitaa la kulaza mapajani ambalo sauti yake inalia kama mtu. Nyimbo zake nyingi zinatumia vishiko vitatu tu vya gitaa. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kupiga wimbo mzima mapema, na ndiyo maana ni shule nzuri ya kuanzia. Ugumu uko kwenye kushika mwendo bila kukimbia na kumwachia mwimbaji nafasi.

Wiki za mwanzo vidole huuma na ngozi huwa ngumu. Mtoto akivumilia mwezi mzima wa maumivu hayo bila kusukumwa, mzazi amepata ushahidi kwamba anapenda kweli. Ndiyo sababu gitaa la kwanza liwe la kuazima au la mitumba. La kununua lije baadaye.

Mazingira ya delta yana masharti yake. Hewa ya chumvi inakula nyuzi za chuma haraka, hivyo zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Gitaa la mbao lisiegemezwe ukutani penye unyevu wala lisiachwe juani ndani ya boti, kwani mbao hupinda. Likisafiri kwa maji, lifungwe ndani ya nailoni, ndani ya mfuko.

Umeme ndio wa kuangaliwa zaidi. Gitaa la umeme limeunganishwa na mikono ya mtoto, na vyombo vyenye nyaya zilizochubuka kwenye ardhi yenye maji vinaweza kumrusha au kumuua. Nyaya zikaguliwe kabla ya kuwasha, asipige pekupeku kwenye tope, na jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha, kwa sababu moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Masikio nayo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 usalama unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Mtoto anayekaa mbele ya spika kila jioni anamaliza saa hizo upesi. Kipimo rahisi ni hiki: kama mtu wa hatua moja lazima apige kelele ili asikike, sauti imezidi. Na akirudi nyumbani masikio yanalia, apumzike mazoezi.

Binti akitaka naye

Wazazi wanaomruhusu mvulana huwa wagumu kwa msichana. Hofu yao inaeleweka, maana barabara ya usiku si salama kwake. Lakini kufunga mlango mzima ni kumnyima.

Loretta Lynn wa Kentucky, Marekani, aliolewa akiwa na miaka 15, akawa mama wa watoto wanne akiwa bado binti. Mumewe alimnunulia gitaa la bei ndogo, akajifundisha mwenyewe nyumbani katikati ya nepi na masufuria, na mwaka 1960 akatoa wimbo wake wa kwanza, uliokuwa na neno honky tonk kwenye jina lake. Akawa mmoja wa wanamuziki wakubwa wa nchi yake. Nchini kwetu, katika miaka ya 1960, Dar es Salaam ilikuwa na bendi ya wanawake watupu, Women Jazz, wakipiga magitaa na ngoma wenyewe.

Binti apewe masharti yaleyale ya kaka yake, na ulinzi zaidi: mazoezi yawe mahali pa wazi, mchana, awepo mtu mzima anayefahamika, na mzazi afike bila kutoa taarifa. Mwalimu wa muziki anayekataa kutembelewa na mzazi si mwalimu wa kumwachia mtoto.

Makubaliano ya nyumbani

Familia nyingi huumia kwa sababu hakuna kilichosemwa mapema. Baba alidhani ni mchezo, mtoto alidhani ni maisha. Kikao kimoja cha jioni kinaweza kuokoa mengi, na mambo ya kukubaliana si mengi.

Shule kwanza, kwa kipimo kinachoonekana. Si "usome kwa bidii", bali "ukishuka chini ya nafasi ya muhula uliopita, gitaa linapumzika mpaka upande".

Kazi za nyumbani zisife. Msimu wa mpunga familia inapohamia dungu kulinda shamba dhidi ya ndege na wanyama, bendi ingoje. Au gitaa liende dunguni, maana mlinzi anayepiga kelele ni mlinzi mzuri.

Saa ya kurudi ijulikane. Kwenye delta saa hiyo inategemea maji, kwa hiyo mtoto aangalie maji kabla ya kuvuka, asije akasingizia kwamba yamepwa.

Fedha ionekane. Akilipwa shilingi yoyote, aeleze imetoka kwa nani na sehemu yake iwekwe akiba. Anayejifunza kuhesabu shilingi 2,000 za mahafali hatadhulumika akija kulipwa laki.

Pombe na bangi, mara moja tu. Hili lisiwe na "tutaona". Hadithi ya Hank Williams inatosha kusimuliwa.

Mzazi naye aahidi kitu. Aende kusikiliza angalau mara moja. Kijana anayejua mama yake atakaa mstari wa mbele hupiga tofauti na kijana anayejificha.

Akimaliza shule na bado anataka

Wapo ambao hamu itaisha kufikia kidato cha pili, na gitaa litabaki kutundikwa ukutani. Hapo hakuna kilichoharibika. Wapo ambao haitaisha. Hao nao wana njia.

Mkoa wa Pwani una Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambako muziki unasomwa mpaka cheti na stashahada. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA, Mji Mkongwe, kinachofundisha taarab na mitindo mingine tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jeshi na polisi wana bendi zao za ajira. Na aliyejifunza vyombo anaweza kuwa fundi mitambo, mtengeneza magitaa, mwalimu au mrekodi wa sauti, kazi ambazo zinaendelea hata umaarufu ukiisha.

Hatari kubwa ni ile safari ya kutoroka. Kijana aliyekatazwa kila kitu huvuka kwa boti alfajiri, hufika Kibiti, hupanda basi la Dar es Salaam na kuishia nyuma ya ukumbi fulani akibeba spika kwa malipo ya chakula. Aliyeruhusiwa kwa masharti akienda mjini huaga, na akikwama hupiga simu nyumbani, kwa sababu anajua kuna atakayeipokea.

Kwa hiyo usiku ule mzazi akisikia gitaa linarudia sehemu ileile mara ya kumi, asikimbilie kuzima taa. Asikilize kidogo. Pengine mara ya kumi na moja itakuwa imenyooka. Asubuhi, kabla ya kumuuliza kuhusu shule, aanze kwa kumwambia kwamba aliisikia.